Zamu ya Usiku ya Mwaka 1878

Mgeni akitoka nyumbani kuja Minneapolis, watu humpeleka Mall of America akashangae maduka, apige picha na kurudi na mifuko. Baba yangu alikuja wakati wa kiangazi na maduka hakuyataka. Alitaka kuona kinu. Nilikuwa nimemgusia kwenye simu kwamba katikati ya mji huu kuna vinu vya ngano vya zamani vilivyogeuzwa bustani ya watu wote. Mtu aliyesagia watu mahindi Usa River, kule Arusha, zaidi ya nusu ya maisha yake huwezi kumpa habari kama hiyo halafu ukampeleka kuangalia viatu.

Mimi nimepazoea pale kwa sababu nyingine. Nahudumia wazee, zamu ya usiku, na nikitoka asubuhi usingizi hauji haraka. Basi naacha gari jirani na mto na kutembea juu ya Stone Arch Bridge, daraja la mawe lililojengwa mwaka 1883 kwa ajili ya treni, ambalo tangu 1994 wameachiwa waenda kwa miguu na baiskeli. Chini yako unapita mto Mississippi. Asubuhi Kiswahili utakisikia bila kukitafuta. Mtaa wa Cedar-Riverside hauko mbali, na Wasomali wengi wa pale wamepitia Eastleigh au Dadaab; wakikusikia unaongea na simu watakusimamisha wakuulize wewe ni wa wapi na mbona Kiswahili chako ni cha Tanzania sana.

Bustani yenyewe inaitwa Mill Ruins Park. Wenyewe hawakuficha kitu, ni bustani ya magofu. Ilifunguliwa mwaka 2001, na kabla ya hapo ungepita usijue kama kuna kitu. Vinu vilipoacha kusaga vingi vilibomolewa, mfereji uliovipa maji ukafukiwa, na miaka ya 1960 kokoto na mchanga vikamwagwa juu ya misingi yote. Waakiolojia ndio waliorudi kufukua. Walichokikuta hawakukijenga upya. Waliimarisha kuta zisije zikamwangukia mtu, wakaweka njia za kupita na vibao, maji yakaachiwa yapite tena kwenye baadhi ya matundu yake ya zamani, basi.

Baba alisimama pale juu, mikono nyuma, akaangalia.

"Sasa maua yako wapi?"

Nikamwambia hii siyo bustani ya maua. Mwanangu, ambaye amezaliwa huku, akacheka. Baba akasema kwao Kaole na Kilwa magofu yapo mengi na ya zamani kuliko haya, na hakuna anayekwenda kukimbia mazoezi ndani yake. Kisha akaanza kuteremka ngazi, na kuanzia hapo sikuwa na kazi ya kumweleza, yeye ndiye alikuwa ananieleza mimi.

Kwanza alitafuta gurudumu. Watu wengi wakisikia kinu cha maji wanafikiria gurudumu kubwa la mbao linazunguka nje ya nyumba, na yeye pia alitegemea hivyo. Mwanangu akamsomea kibao, mimi nikitafsiri palipomshinda. Maji yalichotwa juu ya maporomoko, yakaingia kwenye mfereji ulioanza kuchimbwa mwaka 1857 sambamba na mto. Vinu vilijipanga kando ya mfereji. Kila kinu kilikuwa na shimo lake, maji yanadondoka humo na kuzungusha turbaini kule chini, kisha yanatoka kwa handaki na kurudi mtoni, chini ya maporomoko. Yale matao ya mawe tuliyokuwa tunayaona ni midomo ya mahandaki hayo. Baba alikunja vidole kuonyesha maji yanavyoshuka, akageuza kiganja kuonyesha mhimili unavyopanda juu kwenda kuzungusha mikanda, ghorofa hadi ghorofa.

"Kwa hiyo mota yao ilikuwa chini ya ardhi," alisema. "Na haina bili ya umeme."

Bili ya umeme ndiyo ugomvi wa maisha yake, kwa hiyo hapo alikaa kwa muda.

Kutoka hapo unapanda kidogo tu unafika kwenye kinu chenyewe, Washburn A, au tuseme kilichobaki cha kinu hicho. Ni kuta za mawe ya chokaa zilizokatika juu, madirisha hayana kitu, na katikati limesimama jengo la kioo, ambalo ni jumba la makumbusho liitwalo Mill City Museum, lililofunguliwa mwaka 2003. Bustani ni bure, makumbusho unalipa. Nilipe au nisilipe, nilijua Baba hataondoka bila kuingia.

Kuna lifti kubwa humo, ya mizigo, wameipanga viti kama ukumbi. Mnakaa, mlango unafungwa, mnapandishwa ghorofa nane, na kila inaposimama unaona sehemu ya kinu ilivyokuwa, huku sauti za watu waliowahi kufanya kazi humo zikisimulia. Mimi naona ina maonyesho mengi mno. Baba aliomba turudie.

Kilichomkamata ni mashine moja. Kuielewa lazima ujue ngano ya huku. Nyanda hizi zina baridi kali, kwa hiyo wakulima walipanda ngano ya masika, ambayo ganda lake ni gumu na likisagwa kwa mawe hupasuka vipande vidogo vidogo vinavyochanganyika na unga. Unga ukatoka na madoa, ukauzwa bei ya chini. Miaka ya 1870 hapa Minneapolis wakaanza kuchekecha chenga, vile vipande vya ngano ambavyo havijasagika vizuri, huku wakiipitishia upepo kwa chini. Pumba ambayo ni nyepesi inapeperushwa, chenga nzito inabaki, inarudi kusagwa. Unga ukawa mweupe na bei ikapanda. Baba hakuhitaji tafsiri. Huo ndio mvutano wa dona na sembe, tofauti ni kwamba wao walifanya kwa feni na yeye anafanya kwa mashine ya kukoboa.

"Lakini feni hiyo," akasema, "vumbi lake linakwenda wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Minneapolis haikuliuliza kwa wakati. Vumbi lilikuwa linakwenda kila mahali. Tarehe 2 Mei 1878, yapata saa moja jioni, watu wa mchana, kama 200 hivi, walikuwa wameshatoka. Zamu ya usiku ilikuwa na watu 14. Inavyoaminika, mawe ya kusagia yalikosa nafaka katikati, jiwe likasuguana na jiwe, cheche ikaruka na vumbi likashika. Kinu kikubwa kuliko vyote Marekani wakati ule kikalipuka. Mlipuko ulisikika St. Paul, kilomita 16 kutoka hapo. Wote 14 walikufa, na wengine wanne katika vinu vya jirani, kwa sababu moto uliruka na vinu vile navyo vikalipuka.

Siyo kwamba unga unawaka kama petroli. Rundo la unga sakafuni ukilitupia njiti litaungua kwa shida, labda lifuke moshi tu. Hatari ni ukiwa umetimka hewani, ndani ya chumba kilichofungwa. Hapo kila chembe imezungukwa na hewa yake, moto unaruka kutoka chembe hadi chembe kwa kasi kuliko jicho, joto linapanua hewa, na kuta hazina pa kuipeleka. Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii: mlipuko wa kwanza mara nyingi ni mdogo. Unatikisa jengo, na vumbi lililokuwa limelala juu ya maboriti kwa miezi linadondoka lote kwa pamoja. Hilo ndilo linalobomoa nyumba.

Baba alikaa kwenye benchi.

Alianza kazi akiwa kijana kwa kubeba magunia kwenye kinu cha Unga Limited pale Arusha, kile ambacho mtaa mzima umebaki na jina lake, enzi za Shirika la Taifa la Usagishaji. Anasema kulikuwa na msimamizi mmoja mkali ambaye mlangoni alikuwa anawapapasa mifuko. Ukikutwa na kiberiti, siku hiyo huingii na mshahara wa siku hiyo huna. Hakueleza sababu. "Sisi tulidhani anaogopa tutavuta sigara tuache kazi. Wengine walisema ni mlokole." Alipokuja kufungua mashine yake mwenyewe Usa River, sheria ile aliibeba na magunia: hakuna koroboi ndani, hakuna sigara, umeme ukikatika mnasubiri nje. Wateja walinung'unika, hasa kina mama waliokuja jioni na watoto mgongoni. Aliishikilia kwa zaidi ya miaka thelathini kama mtu anavyoshikilia mwiko wa ukoo. Sababu yake alikuja kuisikia Marekani, akiwa mzee, kutoka kwa mjukuu wake anayemsomea maandishi ya ukutani.

Kuhusu ukuta: kinu kilijengwa upya mara moja, na waliokijenga waliweka bamba la jiwe lenye majina ya waliokufa ndani, likieleza wazi kwamba kilichowaua ni vumbi la unga na kwamba halikubaki jiwe juu ya jiwe. Baba alitaka majina yasomwe yote. Mwanangu alisoma la kwanza na la pili akataka kuruka, akaambiwa arudi. Akasoma mpaka mwisho, na Baba alikuwa anaitikia kila jina kwa kutikisa kichwa, majina ya wageni wenzetu ya karne ya kumi na tisa ambayo yeye hawezi hata kuyatamka.

Wala hawakuishia kwenye majina. Mwaka ule ule alikuja mhandisi mmoja, William de la Barre, mzaliwa wa Austria, akiuza mitambo ya kunyonya vumbi. Akaajiriwa. Baadaye akatumwa Ulaya kuchungulia vinu vya Hungaria, ambako walikuwa wanatumia rola za chuma badala ya mawe. Kinu kipya, kilichokamilika mwaka 1880, kikawa na vyote viwili. Mwaka huo huo unga wa Washburn ulishinda nishani ya dhahabu kwenye maonyesho ya wasagaji huko Cincinnati, na ndiyo asili ya lile bango kubwa la taa, Gold Medal Flour, ambalo bado limesimama juu ya maghala ya nafaka. Kinu hicho kilipofika kilele kilikuwa kinatoa unga wa kutosha mikate milioni 12 kwa siku. Minneapolis ikawa mji mkuu wa unga duniani kwa miaka kama hamsini, hadi Buffalo ilipoupita mwaka 1930. Kinu kilifungwa mwaka 1965. Mwaka 1991 moto ukakimaliza.

Hapo ndipo mji ulipofanya kitu ambacho mimi nakiheshimu. Ng'ambo ya mto kuna Pillsbury A, cha mwaka 1881, nacho kimehifadhiwa vizuri sana, sasa ni nyumba za kupanga za wasanii, na wewe usiyekaa humo unabaki kuangalia kwa nje. Kinu cha Washburn A wangeweza kukisawazisha, au kukijenga upya kikawa kizuri hivyo hivyo. Waliondoa kifusi, wakashikiza kuta zilizokuwa zimebaki, na jengo jipya wakaliweka ndani ya gofu. Alama za moto zipo. Ukisimama uani kati ya zile kuta, anga liko juu yako mahali palipokuwa na paa. Kama wangeparekebisha pakapendeza, Baba asingekaa kwenye benchi.

Nimesema nafanya kazi usiku. Kwenye nyumba za wazee kuna karatasi za masharti zimebandikwa kila mahali, friji imejaa, mlango wa stoo umejaa. Usiwashe mshumaa. Usitumie waya wa kuongezea umeme. Usimpake mzee mwenye mpira wa oksijeni puani mafuta ya mgando. Mfanyakazi mgeni anasaini kwamba amesoma, na hajasoma. Nilikuwa nawapokea hivyo hivyo, kwa orodha, mpaka baada ya siku ile. Sasa kila mmoja namweleza sababu. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini hufanya kila kitu kingine kiwake haraka, na ikishaingia kwenye shuka na nywele, cheche ndogo inatosha. Nikimaliza namwambia anirudishie kwa maneno yake. Wengine wananiona nina mambo mengi. Kijana mmoja wa Kikenya alinijibu, "Sawa madam, nimeskia." Baada ya wiki moja nikamkuta anamweleza binti wa mzee, aliyekuja na keki na mishumaa ya siku ya kuzaliwa, kwa nini mishumaa ile itawashwa uani. Alimweleza vizuri kuliko mimi.

Na nimekuwa msumbufu kuhusu mazoezi ya moto. Mahali nilipokuwa nafanya kazi wakati ule yalikuwa yanafanyika mchana, watu wakiwa wengi na meneja yupo. Usiku tupo wawili na wazee wamelala. Niliandika, nikaandika tena, na mwishowe tukafanya moja saa tisa usiku. Lilichukua muda mrefu kuliko ilivyoandikwa kwenye fomu, mrefu sana, na hapo ndipo walipokubali kutuongezea mtu.

Sitaki kuisifia bustani kupita kiasi. Tulipotoka tulipanda hadi baraza ya juu ya makumbusho, ambako unaona mto wote, na Baba akauliza maporomoko yenyewe ni yapi. Yako pale mbele yako: teremko la zege, maji yanateleza juu yake kwa unyoofu. Haya ndiyo maporomoko makubwa pekee katika mto mzima wa Mississippi, na jinsi yalivyo sasa ni kazi ya mikono. Mwaka 1869 watu waliokuwa wanachimba handaki chini ya mwamba, wapate nguvu zaidi ya maji, walilibomosha, maporomoko yote yakawa hatarini kuporomoka, na serikali ikayavisha ngao, ya mbao kwanza, baadaye zege.

Kabla ya hao wote kulikuwa na Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa. Maporomoko wao wanayaita Owámniyomni. Ardhi ya kandokando ilichukuliwa kwa mkataba wa mwaka 1805, na baada ya vita kati yao na Marekani mwaka 1862 Wadakota wakafukuzwa Minnesota kwa sheria. Palikuwa na kisiwa kidogo chini ya maporomoko, kitakatifu kwao. Kilichimbwa mawe ya kujengea, na mabaki yake yakaondolewa ili kupisha lango la kupandishia majahazi ya mizigo, lililoanza kazi mwaka 1963. Lango lenyewe limefungwa tangu 2015, kuzuia samaki wageni wasipande mto. Ukuta wa kinu unaposimamishwa kwa nondo na fedha za umma, nami nakaa najiuliza kuhusu kile kisiwa. Siku hizi liko shirika linaloongozwa na Wadakota, Owámniyomni Okhódayapi, linalofanya kazi ya kurudisha mimea ya asili na maji yanayotembea kwenye ardhi ya pale langoni, na nitafurahi kuona zege likipungua.

Nilipomweleza Baba habari hizo nilidhani amechoka, maana hakunijibu. Kisha akasema, "Engare Nanyuki." Sisi ni Wameru. Mwaka 1951 Waingereza waliwahamisha watu wetu kutoka Engare Nanyuki kwa nguvu, nyumba zikachomwa, nafasi ikatolewa kwa walowezi. Baba alikuwa mgongoni mwa mama yake. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Mwanangu hakuwa amewahi kusikia jina hilo. Aliulizia mpaka tunafika kwenye gari, na babu yake, ambaye kwenye simu huwa anaishia "hamjambo, shule vipi", aliongea njia nzima.

Kabla hatujaondoka alitaka simu. Kwetu ilikuwa saa sita mchana, kwao saa mbili usiku. Akampigia kijana anayemwendeshea mashine.

"Yohana. Umefunga? … Sikiliza. Kesho kabla hujawasha, chukua ngazi, panda mpaka kwenye kenchi, futa vumbi lote. Na kitambaa kibichi, usipulize. … Siyo sakafu, sakafu najua unafagia. Juu. … Kwa sababu lile la juu ndilo linaloua, nitakueleza nikirudi. Hapana, ngoja, nakueleza sasa hivi."

Akamweleza yote, kinu, cheche, watu 14, salio langu likiisha taratibu. Yohana alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ile simu aliyoahidiwa inakuja na chaja yake au anunue huko.